Kura 537 za Florida na mchawi aliyetafutwa

Kila chama cha Democratic kinapokosa urais wa Marekani kwa kura chache, mchawi hutafutwa, na hupatikana katika chama kidogo. Mwaka 2016 alikuwa Jill Stein wa chama cha Kijani. Lakini aliyebebeshwa lawama kuliko wote ni Ralph Nader, mgombea wa chama hichohicho mwaka 2000.

Wanaomlaumu wana hoja. George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537 jimbo la Florida, na Nader alipata 97,488 huko. New Hampshire ndiko hoja yao inakouma zaidi: Gore alishindwa kwa kura kama 7,200, Nader akiwa na zaidi ya 22,000. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote; wanne wa jimbo hilo dogo wangetosha kumpa Gore urais, hata bila Florida.

Sasa ziangalieni tena hizo 537. Karatasi ya kura ya Florida ilikuwa na wagombea kumi. Ukiwatoa Bush na Gore, wanabaki wanane, na kila mmoja wao alipata zaidi ya kura 537. Hata James Harris wa chama cha Socialist Workers, ambaye nani anamkumbuka leo, alipata 562. Mbona yeye hakutukanwa? Halafu kuna Palm Beach, kaunti ya Florida, ambako majina yalipangwa kurasa mbili zinazotazamana, matundu ya kutoboa yakiwa katikati. Gore alikuwa wa pili upande wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu; la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa chama cha Reform, mhafidhina aliyeshutumiwa kwa kauli dhidi ya Wayahudi. Katika kaunti hiyo yenye wazee wengi wa Kiyahudi, Buchanan alizoa zaidi ya kura 3,400, na yeye mwenyewe alikiri kwamba nyingi huenda hazikuwa zake.

Isitoshe, Gore alishindwa Tennessee, jimbo la kwao, aliloliwakilisha kwenye Seneti. Lilikuwa na wajumbe 11. Angelishinda, Florida isingekuwa na maana yoyote.

Kinachonikera katika lawama hizi ni dhana kwamba kura ya Nader ilikuwa mali ya Gore, ikaibwa njiani. Wengi wa wapiga kura wake wangempendelea Gore kuliko Bush, hilo sibishi. Lakini wengine wangemchagua Bush, na wengine wasingetoka nyumbani kabisa. Kura ni ya anayeipiga, na chama kinachoitaka kiende kuiomba.

Dawa ya tatizo lenyewe ipo. Jimbo la Maine lilianza kuitumia kwenye uchaguzi wa rais mwaka 2020: mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba, na wake wa kwanza akitolewa kwa kupata kura chache, kura inahamia kwa wa pili. Mtu anamchagua Nader bila kumpa Bush ushindi.

Mwaka 2004 Nader aligombea tena, na Democratic walichagua njia nyingine: mahakama. Walimwandama kwa kesi jimbo hadi jimbo, na Pennsylvania wakafanikiwa kumwondoa. Ohio nako jina lake halikuwemo kwenye karatasi ya kura. John Kerry, mgombea wa Democratic, alishindwa Ohio kwa kura zipatazo 118,000, na urais ukaenda na jimbo hilo.