VVU: kinga huisha, au hupagawa?

Tumezoea kusimuliwa hivi: VVU huingia, huua askari wa mwili, na askari wakiisha maradhi hujiingilia yatakavyo. Si uongo. Askari hao ni CD4, seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga; za mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 kwa kila milimita ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, huo ni UKIMWI.

Ila ukitazama seli hizo zinavyokufa, hesabu inakataa. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika tishu za limfu, kama matezi, CD4 nyingi zinazokufa ni zile ambazo kirusi kiliingia kikakwama bila kuzaliana. Seli hunusa vinasaba vya mgeni, hujilipua, na kumwaga kemikali zinazoita CD4 nyingine, nazo zikifika hukutwa na yaleyale. Huko utumboni, CD4 hupukutika katika wiki za mwanzo tu, ukuta huanza kuvuja, na vipande vya bakteria hupenya hadi kwenye damu. Kinga inabaki imewaka usiku na mchana. Seli B hutoa kingamwili nyingi ovyo, na seli za CD8 zinazopaswa kuua virusi huchoka.

Kuna kima wa Afrika Magharibi, aina ya mangabei, ambao damu yao hujaa virusi vya jamii hiyohiyo na bado ni nadra waugue. Kinga yao hushtuka mwanzoni, kisha hutulia. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko chati yoyote ya CD4. Na majaribio ya kuzipandisha CD4 kwa interleukini-2, kemikali ya kinga inayochochea seli hizo kuongezeka, yaliyotangazwa mwaka 2009, yaliishia pabaya: idadi ilipanda kweli, lakini wagonjwa hawakupata nafuu ya ziada.

Basi tuitulize kinga? Hapo ndipo pagumu. Mwili una seli T za kudhibiti, kama breki. Zikikaza hupunguza moto, lakini huwafunga mikono hata wanaopambana na kirusi. Tena kirusi ndicho kuni. Katika jaribio kubwa la mwaka 2006, walioachishwa ARV kwa vipindi walikufa zaidi ya walioendelea kumeza, na maradhi ya moyo nayo yakaongezeka miongoni mwao, ingawa walisimamishiwa dawa CD4 zao zikiwa juu ya 350.