Siku ya kupunguzwa: mkataba wa hali bora unalinda nini?

Wazee waliokuwa viwandani Dar es Salaam miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yanabinafsishwa, wana neno lao kwa kuachishwa kazi mwajiri anapopunguza wafanyakazi: ridandansi. Vijana wanasema kupunguzwa. Neno limebadilika, lakini swali la kwanza ni lilelile: "Wanatupa shilingi ngapi?" Ni swali la haki, ila naona limekula nafasi kubwa mno pale vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kuandika mikataba ya hali bora kazini.

Tuanze na hizo shilingi. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inakomea miaka 10. Tuseme kuna fundi mitambo kwenye kiwanda cha Barabara ya Nyerere, mshahara wa msingi 520,000, siku sita kwa wiki, miaka 14 kazini. Siku yake moja ni kama 20,000, kwa hiyo siku 70 ni 1,400,000. Ile miaka minne ya mwisho haihesabiwi, na posho ya nyumba haimo. Chama kikifanikiwa kuandika mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka bila ukomo, fundi yuleyule anaondoka na 7,280,000, notisi na likizo zikihesabiwa kando. Nani asingekikimbilia kipengele hicho kwanza?

Mwajiri naye ana la kusema, na si la kubeza. Kampuni hupunguza watu pale mfuko unapokauka: oda zimekatika, mkopo wa mashine mpya unadai. Kipengele kinono kilichoandikwa mwaka wa neema, bila senti kutengwa, kinakuja kudaiwa mwaka wa njaa. Matokeo yake ni malipo ya mafungu mafungu, au kesi.

Ndiyo maana mimi natazama zaidi kifungu cha 38. Hicho kinasema mwajiri atoe taarifa ya kusudio mapema anapoanza kufikiria kupunguza, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama kinachotambuliwa: kwa nini, kuna njia gani ya kuepuka, nani ataguswa na kwa kigezo gani, lini, na kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani. Wasipoafikiana, suala linakwenda kusuluhishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Vizuri. Lakini kifungu hakitaji mashauriano yachukue siku ngapi, wala hakiorodheshi nyaraka. Kwa hiyo kikao kimoja cha alasiri, chenye karatasi ya mahudhurio na soda, kinaweza kuja kuitwa mashauriano. Mkataba wa hali bora ungeziba hapo hapo: idadi ya siku, hesabu za kampuni za miaka miwili mezani, ovataimu isimame kwanza kabla ya kugusa ajira ya mtu. Na kwa kifungu cha 71, pale chama kinapotambuliwa kuwa mwakilishi pekee, makubaliano hayo yanambana mwajiri hata kwa mfanyakazi asiye mwanachama.

Waajiri hulalamika kwamba mashauriano marefu yanavujisha habari. Benki na wateja wakisikia, wanajitoa kabla. Naikubali hofu hiyo. Lakini dawa yake ni kuwafunga viongozi wa tawi la chama kwa ahadi ya maandishi ya kutunza siri. Kuwaficha hesabu kabisa ni jambo jingine.

Tundu kubwa liko kwingine, na mikataba mingi hailigusi: makubaliano ya hiari ya kuachana. Mtu anaitwa peke yake ofisi ya rasilimali watu, anawekewa karatasi na kiasi kilichozidi kidogo cha kisheria, anaambiwa kesho kiasi hicho hakitakuwepo. Akisaini, kwenye karatasi hajapunguzwa, ameafikiana. Kifungu cha 38 kimepitwa pembeni, na kumshawishi msuluhishi wa CMA kwamba hiari ile haikuwa hiari ni kazi ngumu. Wapo wanaosaini kwa furaha, nisiwasemee vibaya: mtu ana kiwanja Chanika, ada ya mtoto imekaribia, fedha ya leo anaijua kuliko usuluhishi wa mwezi ujao. Uhuru huo abaki nao. Kinachotakiwa ni mstari mmoja tu kwenye mkataba: hakuna kusaini siku hiyo hiyo, na kiongozi wa tawi awepo chumbani mfanyakazi akimtaka.

Kuhusu nani aondoke, ule utaratibu wa wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka unawaumiza vijana na wakati mwingine unamwondolea mwajiri ujuzi anaouhitaji. Hata hivyo unamnyima meneja nafasi ya kumtoa asiyempenda, na mimi ningeuvumilia kwa sababu hiyo tu.

Liko jibu moja la waajiri ambalo sijaweza kulipangua. Wanasema kila kipengele kigumu kinawapa sababu ya kutoajiri, bali kuchukua watu kwa wakala au deiwaka, yaani vibarua wa kutwa. Pita geti la kiwanda saa kumi na mbili asubuhi uone waliosimama pale wakisubiri kuchaguliwa. Anayekosa kuchaguliwa anarudi Mbagala kwa daladala, na hakuna kifungu kinachomwita mtu huyo aliyepunguzwa.