Mtoto kapimwa uzito, mzazi aelekezwe wapi?

Asubuhi ya kliniki ya watoto haina mgeni. Kadi zimekusanywa mezani kwa zamu, kina mama wamebanana kwenye benchi, mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptula ya kupimia na kuning'inizwa kwenye mizani huku akilia. Nesi anaweka nukta kwenye mchoro wa kadi. Nukta ikipanda, mama anapumua. Ikishuka, anaulizwa mtoto anakula nini. Inafuata chanjo, kisha tarehe ya kurudi. Mara chache sana anaulizwa: nyumbani nani anacheza na huyu mtoto? Nani anazungumza naye? Akilia usiku kucha, mnafanyaje?

Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, wengi wanaiita PJT-MMMAM, iliyopangwa kwa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Inasimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mzazi kuzisoma ishara za mtoto na kuzijibu), ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Mawili ya mwanzo kliniki imeyazoea. Mjadala ni kuhusu yaliyobaki: je, kliniki iwe mlango wa kuwafikisha wazazi kwenye mafunzo ya malezi, au tunaitwisha mzigo usio wake?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mtoto anafika akizaliwa, anarudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Hakuna ofisi nyingine ya serikali inayokutana na familia changa mara nyingi hivyo. Afisa ustawi wa jamii kwa kawaida anaifahamu familia mambo yakishaharibika: baba hatoi matunzo, mtoto ametelekezwa, jirani ameripoti kipigo. Kliniki inaikuta familia hiyo hiyo kabla. Na kuna cha kuzuia. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya wanne walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Mkono unaompiga kijana wa miaka 14 huenda ulianza kumpiga akiwa na miaka miwili.

Tena kuna mahali jambo hili limejaribiwa na kupimwa. Jamaica, Antigua na Saint Lucia, visiwa vya Karibea, vilitumia muda wa kusubiri kwenye vituo vya afya. Mama aliyekuja kwa ajili ya ratiba ya kawaida ya mtoto, kuanzia miezi 3 hadi 18, alionyeshwa filamu fupi za wazazi wakicheza na kuzungumza na watoto wao. Mhudumu wa jamii alijadiliana na kina mama na kuwapa nafasi ya kujaribu, naye nesi alimalizia kwa kadi yenye ujumbe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: uwezo wa utambuzi wa watoto, yaani kufikiri na kujifunza, uliongezeka kwa kiasi, na ujuzi wa wazazi kuhusu malezi uliongezeka pia. Lakini dalili za sonona kwa kina mama hazikupungua. Nalisisitiza hili kwa sababu watetezi wa mpango kama huu wana tabia ya kuahidi kwamba filamu ya dakika chache itaponya kila kitu, hata umaskini na ndoa yenye vurugu.

Sasa upande wa pili. Nesi wa zahanati ya kijijini anachanja, anapima, anajaza rejista, na mjamzito mwenye uchungu akifika anaacha vyote akamzalishe. Ukimwambia aongeze ushauri wa malezi, ataongeza sentensi moja mwishoni mwa ile elimu ya afya ya asubuhi inayosomwa huku nusu ya benchi wakinyonyesha na nusu wakiangalia foleni. Kwenye ripoti itaandikwa kuwa elimu imetolewa.

Pingamizi linaloninyima raha zaidi ni jingine. Wako kina mama waliofokewa kliniki kwa sababu kadi imechanika au tarehe imepita. Mama wa namna hiyo, ukimchagua peke yake kwenye benchi na kumwambia aende kwenye mafunzo ya malezi, atasikia jambo moja tu: wewe hujui kulea. Anaweza asirudi, na hapo tumempoteza yeye na chanjo ya mtoto. Tulishaona sura ya jambo hili kwenye kliniki za wajawazito. Nia ya kuwaleta kina baba wapime VVU pamoja na wenza wao ilikuwa njema, lakini katika maeneo mengi ikageuka kuwa sharti, na mwanamke asiye na mwenza akatakiwa kwenda kwanza kuomba barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Anaeleza maisha yake ofisini kwa mwenyekiti ili apimwe mimba.

Kwa hiyo naona mwaliko utolewe kwa kila mzazi, kama chanjo inavyotolewa kwa kila mtoto, bila kumpima nani analea vizuri na nani vibaya. Najua gharama yake. Familia yenye shida kubwa itapata kiasi kile kile anachopata mwenye bibi, shangazi na msichana wa kazi nyumbani. Hata hivyo naipokea gharama hiyo, kwa sababu mama aliyezoea kuja bila kuaibishwa ndiye atakayesema siku moja kwamba mambo yamemshinda.

Kuhusu wanaosema malezi haya yametoka ng'ambo, nina jibu fupi. Kumkanda mtoto, kumbeba mgongoni, kumwimbia, kumtegea vitendawili: haya ni yetu, na mafunzo yoyote mazuri yaanzie hapo, bibi akiwa ndani ya chumba. Fimbo nayo tumeizoea, na mazoea hayatoshi kuitetea.

Kuelekezwa kuna maana pale tu penye mahali pa kwenda, na hapa ndipo mipango mingi inapokwama: karatasi ya rufaa inaandikwa, upande wa pili hakuna mtu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Wakipatikana na kulipwa kwa wakati, nesi atabaki na kazi anayoiweza: kuandika jina, kumtambulisha mama kwa mhudumu wa mtaani kwake, na ziara inayofuata kuuliza kama walionana. Kikundi chenyewe cha mafunzo ya malezi kikutane karibu na nyumbani, jioni au siku ambayo baba hayuko kazini. Foleni ya saa mbili asubuhi ni ngumu kwa kibarua na bodaboda.

Bado kuna pengo ambalo kliniki peke yake haizibi. Chanjo ya miezi 18 ikishapita, kina mama wengi huacha kuja, ingawa mtoto anapaswa kupimwa hadi miaka mitano. Ni baada ya hapo ndipo mtoto anaanza kusema "sitaki", kujitupa chini sokoni na kuvunja vikombe, na ndipo kipigo kinapoingia. Ila wazazi hao hurudi Juni na Desemba, mwezi wa afya na lishe ya mtoto, kwa ajili ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Mhudumu wa jamii huwa yupo siku hiyo, orodha ya watoto mkononi. Mafunzo kwa mzazi wa mtoto wa miaka mitatu yangeweza kuanzia kwenye meza hiyo.