Solo la pili ndilo linalobeba chemko

Majuma haya nimerudi kwenye muziki wa dansi wa zamani wa Tanzania: Morogoro Jazz, Super Volcano, NUTA Jazz ambayo baadaye iliitwa JUWATA, na zaidi ya zote Mlimani Park ya miaka ile ya mwanzo baada ya kuundwa mwaka 1978. Zikitajwa bendi hizi, sifa huenda kwa waimbaji na tungo. Ni haki yao. Gurumo na Bitchuka, waimbaji wa Mlimani Park, wakiimba pamoja hakuna cha kuongeza. Lakini utamu unaomrudisha mtu kwenye wimbo uleule mara ya ishirini umekaa, kwa maoni yangu, kwenye gitaa lisilotajwa: solo la pili.

Bendi iliyokamilika ilikuwa na magitaa manne. Besi iko chini. Rithimu inapiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kushika mwendo. Solo inatembea juu, inamjibu mwimbaji. Katikati ya rithimu na solo ndipo lilipo solo la pili, likipiga kipande kifupi cha noti chache na kukirudia bila kuchoka, likihama tu pale kodi inapohama. Katika nusu ya kwanza ya wimbo, ile ya taratibu yenye beti na kiitikio, unaweza kulidhani pambo.

Halafu linakuja chemko, nusu ya pili ya wimbo, ile ya kuchezea. Maneno yanapungua, yanabaki ya kuitikiana, tumba zinakolea, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa vipande vifupi. Hapo solo anapata uhuru wa kwenda atakako, na anaupata kwa sababu nyuma yake kuna mtu asiyehama. Solo la pili likitetereka, solo anapotea na wachezaji wanapoteza mguu. Ndiyo maana naliona gumu kuliko solo lenyewe: mpigaji anakaa kwenye kipande kimoja dakika nne, tano, bila kukiharakisha wala kukipamba.

Si kila bendi iliyagawa magitaa kwa mizani moja. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na Super Volcano alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, kwa hiyo gitaa lake linamalizia sentensi aliyoianza mdomoni. Solo liko mbele kabisa na mengine yanalitandikia. Mlimani Park chini ya kiongozi wake Michael Enoch ni mkeka: kila ukindu umepita juu ya mmoja na chini ya mwingine, na ukichomoa mmoja unaona pengo. Mbaraka namheshimu sana, lakini mkeka ndio unaonishika.

Ukitaka kulisikia solo la pili, usianze nalo. Chukua wimbo mmoja, usikilize mara nne. Mara ya kwanza fuata besi na tumba tu, uangalie besi inanyamaza wapi, kwa sababu besi ya dansi husema mengi kwa kuacha nafasi. Mara ya pili fuata rithimu. Mara ya tatu fuata solo. Mara ya nne vitoe vyote hivyo kichwani. Kinachobaki kikijirudia katikati ndicho unachokitafuta. Kwa spika ya simu zoezi hili halifanyiki. Waya mnene wa besi hutoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi, na spika ndogo ya simu hupoteza nguvu nyingi hata kabla ya kushuka mpaka hezi 300. Besi ikikosekana, sikio linaishika rithimu kama msingi na mpangilio wote unageuka. Spika za masikioni za kawaida za waya zinatosha.

Jambo la pili linaloharibu ni wimbo kukatwa. Santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45 hubeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo nyimbo nyingi ziligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko. Aliyehamisha santuri kwenye kompyuta akaishia upande wa kwanza ametoa nusu ya wimbo. Ukisikia sauti inafifia pale tumba zinapoanza kukolea, tafuta upande wa pili.

Kosa kubwa zaidi, na linaniuma kwa sababu linarekebishika, ni kasi. Kaseti iliyonakiliwa kwenye deki yenye mpira uliolegea hubadilika kasi, na kosa la asilimia 6 hivi huhamisha wimbo mzima nusu toni. Kasi ikizidi, waimbaji wanasikika kama watoto na solo la pili linakuwa na papara ambayo mpigaji hakuwa nayo. Pima kwanza kwa saksafoni, kwa kuwa sauti yake haihami sana kama ya gitaa lililokazwa nyuzi kwa sikio. Kipimo cha pili ni mvumo wa umeme ulioingia wakati wa kurekodi: umeme wetu ni wa hezi 50, basi mvumo ukionekana kwenye hezi 53, mkanda unakimbia kwa asilimia 6. Angalia tu usipime mvumo wa mashine yako mwenyewe. Huo utakaa kwenye 50 hata mkanda ukiwa na kosa. Unaporekebisha kwenye programu, chagua badiliko linalohamisha kasi na sauti kwa pamoja, si lile linaloongeza mwendo na kuiacha sauti ilipo.

Kabla ya yote hayo, geuza taratibu skrubu ndogo iliyo kando ya hedi ya deki, ile inayosoma mkanda, huku ukisikiliza manyanga. Yakisikika makali kabisa, acha hapo. Ukiruka hatua hii utatafuta wembamba wa sauti kwenye kompyuta na hutaupata, kwa sababu haukuingia.

Na ile shhh ya mkanda iacheni. Programu ya kufuta kelele haijui tofauti ya shhh na manyanga, inafuta vyote, kisha inakula mguso wa kwanza wa kila noti. Solo la pili ni miguso mitupu. Kama rekodi ni ya mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, unganisha chaneli mbili kuwa moja. Kelele itapungua kidogo na gitaa litabaki na kucha zake.