Dafu, maji au eneji: mwili unataka nini kwenye joto la Dar?

Joto la Dar es Salaam likishika kasi, kila mtu hugeuka daktari wa vinywaji. Muuza madafu anakuhakikishia kwamba dafu ni dripu ya asili. Kijana wa bodaboda hatembei bila chupa yake ya eneji. Watu wazima wanashikilia kwamba maji yanatosha, na kwamba chai na kahawa zinakausha mwili. Kila mmoja ana hoja, ila hoja hizo hazilingani uzito.

Kwa anayeshinda ofisini au dukani, wanaotetea maji matupu wako sahihi. Chakula chetu kina chumvi ya kutosha, mara nyingi hata imezidi, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda kununua madini ya kwenye chupa. Ile hesabu ya glasi nane kwa siku nayo husahau kwamba mchuzi, uji na tikitimaji pia ni maji.

Mambo hubadilika kwa fundi anayebeba zege juani au mchukuzi wa Kariakoo. Lita moja ya jasho huondoka na takriban gramu 1 ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, wengine pungufu, wengine zaidi. Ukirudisha maji peke yake, tena kwa wingi, unaizimua damu. Mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza mbio za Boston Marathon, na asilimia 13 walikutwa sodiamu yao imeshuka kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho.

Hapo mpenzi wa madafu ataona ameshinda. Bado. Utajiri wa dafu ni potasiamu, madini mengine kabisa, wakati jasho huchukua potasiamu kidogo tu. Kinachopotea kwa wingi ni sodiamu, na kwenye dafu hiyo ni haba. Dafu ni kinywaji kizuri: sukari yake ni ndogo kuliko ya soda, na maji yake ni salama ilimradi panga na mrija viwe safi (hapo kwenye panga mimi huangalia mara mbili). Lakini kuliita dripu ni kulibebesha mzigo usio wake. Fundi aliyekunywa maji akala ugali na dagaa wa chumvi, naona amejirudishia alichopoteza kuliko aliyeshushia madafu matatu kwenye tumbo tupu.

Kuhusu chai, wazee wetu wanaionea. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha vinywaji 13 kwa wanaume 72, ukapima mkojo wao kwa saa kadhaa. Chai, kahawa na hata kola hazikuwatoa maji kuliko maji yenyewe. Vilivyokaa mwilini muda mrefu zaidi vilikuwa maziwa na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayehara. Kwa hiyo siwezi kuilaumu eneji, yenye kafeini kama chai na kahawa, kwamba inakausha mwili. Ubaya wake ni sukari, na kwamba inamficha dereva uchovu wake huku bado yuko barabarani na abiria mgongoni.

Penye kuhara, mjadala wa ladha ufungwe. Pakiti ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ndani yake mna gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi, pamoja na madini mengine. Glukosi ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu: huivusha sodiamu kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi huko Bangaon nchini India na dripu zikaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko wa namna hii. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Linganisha na soda, yenye gramu 100 hivi za sukari kwa lita. Sukari nyingi kiasi hicho huyavuta maji ya mwili yaingie utumboni, na mtoto uliyempa soda ili apate nguvu anazidi kuhara.

Kuna watu ambao hata dafu lenyewe ni la kuogopa: wagonjwa wa figo, na baadhi ya wanaotumia dawa za presha kama losartan au spironolactone. Kwao potasiamu inaweza kurundikana kwenye damu, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Hao wamuulize daktari wao kabla ya kumsimamisha muuza madafu.