Toa maua ya plastiki sebuleni, weka zamiokulkasi

Sebule nyingi zina maua ya plastiki, na ukiuliza kwa nini, utajibiwa kuwa mimea hai inataka muda. Sikubaliani kabisa. Maua ya plastiki hushika vumbi, hupauka kwa jua, na hayana budi kuoshwa kwa sabuni kila mara. Zamiokulkasi haitaki hata nusu ya kazi hiyo.

Ni ule mmea wenye vikonyo vinene vilivyosimama wima na majani mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wapo wanaodhani ni mmea wa Ulaya. La hasha, ni wa kwetu: unaota porini kuanzia Kenya, Tanzania na Zanzibar hadi Afrika Kusini. Waholanzi ndio walioanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukaenea maofisini na majumbani kote duniani.

Porini umezoea mvua za msimu na kiangazi kirefu. Ukiung'oa chunguni utakuta chini ya udongo vitu vinene vya mviringo mfano wa viazi. Humo ndimo unamoweka akiba ya maji. Ukame ukizidi, hupukutisha majani ukangoja mvua, kisha ukachipua upya.

Kwa hiyo adui yake ni huruma yetu. Mtu anamwagilia kila asubuhi, viazi vinaoza, vikonyo vinageuka njano na kulegea, halafu yeye anaongeza maji! Chomeka kidole udongoni. Kikikuta unyevu, weka kopo chini. Wiki mbili au tatu bila maji si kitu kwake. Na vile vyungu vya kupendeza visivyo na tundu chini, tafadhali usivinunue. Udongo uchanganye na mchanga wa kutosha, chungu kikae karibu na dirisha pasipopigwa na jua kali. Basi.

Wenye watoto wanaotambaa wauweke juu, maana utomvu wake huwasha mdomo na koo.

Jirani akikuomba mche, mpe jani moja dogo tu. Alichomeke upande wa kikonyo kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, na asilifukue kuchungulia. Itapita miezi kadhaa kabla kiazi kidogo hakijaota chini yake, na chipukizi huchelewa zaidi ya hapo.