Darubini ya Nairobi Isichaguliwe kwa Ushauri wa London

Stendi yangu ya kwanza ya darubini niliifungulia juu ya paa la kuanikia nguo, huku Kasarani, jioni moja ya Januari isiyokuwa na wingu hata moja. Nilikuwa nimeiwekea akiba miezi minane. Muuzaji alinihakikishia kwamba anayetaka kupiga picha za nyota hana budi kuanza na stendi ya ikweta, yenye mota na uzito wa kusawazisha. Nami, mkaazi wa nchi iliyokatwa na ikweta, nikaona jina lenyewe linaniita. Saa nne usiku ilinikuta bado nimepiga magoti, spana mkononi, na sijaiona nyota hata moja kupitia darubini.

Stendi ya namna hiyo ina mhimili unaotakiwa kulala sambamba na mhimili wa dunia. Mota huuzungusha polepole kuelekea magharibi, na nyota uliyoilenga inabaki palepale kwenye lenzi. Ili hilo liwezekane, mhimili uinuliwe kwa kiasi cha latitudo ya mahali ulipo. London ni nyuzi 51 na nusu kaskazini. Nairobi ni nyuzi 1 na dakika 17 kusini. Skrubu ya stendi yangu iligota kwenye nyuzi 15, na nilipoilazimisha ishuke zaidi, fimbo ya uzito ikagonga mguu wa stendi. Kijitabu cha maelezo nacho kiliniagiza niitafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Upande wa kusini tunayo Sigma Octantis, lakini hiyo ni nyota hafifu ya mng'aro wa 5.4 (namba ikikua, nyota hufifia), ngumu kuiona hata kwenye giza la kweli. Hapa Nairobi huambaa juu kidogo tu ya upeo, katikati ya vumbi na taa za mji.

Usiku huo ndio ulionipa msimamo nilio nao hadi leo: ushauri mwingi tunaousoma kuhusu vifaa vya nyota umeandikiwa watu wa latitudo nyingine, na sisi tunaugharamia. Anayeanza hapa kwetu aitazame mbingu iliyo juu ya kichwa chake kwanza, kisha ndipo aende dukani. Zipo stendi za mota zinazoshuka hadi nyuzi 0, na kama fedha unazo, uliza swali hilo kabla ya jingine lolote. Lakini kwa fedha za kawaida, mimi ningenunua Dobsonian.

Dobsonian ni bomba lenye kioo, limekalishwa ndani ya sanduku la mbao linalozunguka kushoto na kulia na kuinamia juu na chini. Basi. Imepewa jina la John Dobson, aliyekuwa mtawa mjini San Francisco, ambaye katika miaka ya 1960 alitengeneza darubini kubwa kwa plaiwudi na vitu vya kuokota, akaziweka kando ya barabara ili wapita njia wachungulie. Namheshimu sana mtu yule. Sanduku lake halijali uko nyuzi ngapi kutoka ikweta, na fundi yeyote wa Gikomba anaweza kukuundia: plaiwudi nzito, kipande cha formaika, na vijipande vitatu vya plastiki laini ya Tefloni vya kutelezea. Cha kununua ni kioo na lenzi za jicho. Darubini ninayoitumia sasa ina kioo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200. Kwa lenzi ya milimita 25 inakuza mara 48, na kwa ile ya milimita 10 mara 120. Nayo inatosha kuona mikanda ya Mshtarii, miezi yake minne, pete za Zohali na vumbi linalong'aa katika upanga wa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion.

Tafadhali usidanganywe na maboksi yanayotangaza kukuza mara 525 kwa kilenzi cha milimita 60. Kiwango cha juu chenye maana ni takriban mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo kilenzi hicho kinaishia mara 120. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Na kama ndani ya boksi kuna kioo cheusi kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili kutazama jua, kitupe leo hii. Hupasuka kwa joto, na jicho halina spea.

Lipo jambo moja kuhusu Dobsonian ambalo sisi lazima tulijue. Inapoelekezwa juu kabisa utosini, sanduku hukosa pa kushikia, na kuisogeza kidogo tu pembeni kunataka uzungushe sanduku hata robo duara. Sasa, Jabari hupita karibu na utosi wa Nairobi. Kwa hiyo mtazame saa mbili kabla hajafika juu au saa mbili baadaye. Mwezi mzima nilikuwa nikidhani sanduku langu limeundwa vibaya, nikamrudishia fundi mara mbili bila sababu.

Nije kwenye picha, maana hapa ndipo latitudo yetu inapotupendelea.

Kamera yoyote ya mitumba yenye lenzi ya milimita 50 inafaa. Bila kufuatilia nyota, gawanya 500 kwa urefu wa lenzi upate sekunde unazoweza kuiacha wazi kabla nyota hazijawa mistari: sekunde 10, na kwa kamera zenye kihisi kidogo ni 6 au 7. Ni muda mfupi, lakini ukipiga picha 100 za namna hiyo na kuzipanga pamoja kwa programu ya bure kama Siril, chengachenga hupungua mara 10. Wengi huishia hapo, na picha zao ni nzuri.

Anayetaka kuiacha wazi dakika moja au mbili anahitaji kifaa cha kuifuatisha kamera na mbingu. Wenzetu wa kaskazini hununua. Mimi niliunda kwa mbao mbili za sentimita 30, bawaba moja, na bolti ya M6, ambayo hupanda milimita 1 kila mzunguko. Bolti ikikaa milimita 229 kutoka kwenye bawaba, ukaizungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu, unaobeba kamera, unafunguka kwa mwendo uleule wa mbingu. Kwa mtu wa London kifaa hiki ni kazi, maana bawaba nzima lazima isimame kwa mshazari wa nyuzi 51 na nusu ikilenga nyota. Kwetu bawaba inalala. Iweke ilale kaskazini na kusini kwa dira, hakikisha imelala sawa kwa pimamaji, kisha inua ncha ya kusini milimita 7, yaani kipande cha plaiwudi chembamba. Bawaba iwe upande wa magharibi na bolti upande wa mashariki. Kazi imekwisha. Ninapoiangalia saa ya ukutani niliyoibandika pembeni na kuzungusha bolti kwa vidole, sekunde baada ya sekunde, nahisi dunia inazunguka chini ya magoti yangu, na hisia hiyo mota haikuwahi kunipa.

Stendi ya chini nayo iwe nzito. Nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa kamera halafu wakaiweka juu ya vyuma vyembamba vinavyotikiswa na upepo wa Januari. Ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu yake mitatu.

Fedha zilizobaki ziweke kwenye mafuta ya gari. Hakuna kioo kinachoshinda mulika mwizi, zile taa kali za milingoti mirefu mjini. Barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian na kuteremka Bonde la Ufa, hukufikisha Olorgesailie, kilomita 70 hivi kutoka mjini, na ukiwa na mwezi mpya utaiona Njia Nyeupe kama moshi wa kuni uliotanda toka upeo hadi upeo. Nyota ya Suheli ing'ae kusini, na ukikesha, kundi la nyota la Dubu Mkubwa liinuke kaskazini. Mtu wa London hamwoni Suheli kamwe, na mtu wa Cape Town hawezi kumwona Dubu Mkubwa mzima. Nenda Januari au Februari. Masika na vuli usijisumbue, na Julai mawingu ya baridi huifunika Nairobi usiku kwa usiku.

Kifaa rahisi kuliko vyote nimekiacha mwisho, ingawa ndicho ningekushauri ukinunue kwanza: binokula ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 kwa lenzi za milimita 50. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mama mwenye umri wa mamangu, alipanda kuanua nguo usiku mmoja akanikuta na Dobsonian.

"Mwanangu, hicho chombo kinaweza kunionyesha Kilimia? Nyanya yangu alikuwa akikitazama kabla ya kushika jembe."

Nikajaribu. Kilimia, kile kishada cha nyota, kina upana wa karibu nyuzi 2, na darubini yangu kwa lenzi yake pana kabisa huonyesha kama nyuzi 1 tu. Mama akaona nyota tatu, nne, akaniangalia kama niliyemkosea mgeni. Nikakimbia chini nikaleta binokula.

Akaegemea ukuta ili mikono isitetemeke, akiupa mgongo mlingoti wa taa. Akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, akafika kumi na tisa, akapotea, akaanza tena kutoka moja.